Nani Anamlea Mama Aliyejifungua?

Siku za kliniki, mama akifika na mtoto mgongoni kwenye kituo chetu cha afya hapa Mbagala, sote tunajua cha kufanya. Tunapokea kadi, tunamvalisha mtoto kikaptula cha kupimia, tunamtundika kwenye mizani, tunaandika kilo zake na kuweka nukta kwenye mchoro wa ukuaji. Tunaangalia kama ni chanjo ya wiki ya 6, ya 10 au ya 14. Tunauliza kama mtoto ananyonya vizuri, kama anaharisha, kama analala kwenye chandarua. Kisha tunasema, "Haya mama, tuonane mwezi ujao." Mama anambeba mwanawe na kwenda zake. Kadi imejaa habari za mtoto. Habari za aliyembeba hazimo.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimezaliwa na kukulia Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kazi ndiyo iliyonileta Dar es Salaam. Nimeshika mikono ya wanawake wengi wakati wa uchungu, na nimewaona tena baadaye wakija na watoto wao kupima uzito. Naandika makala hii kwa sababu kuna maneno nayasikia kila mara, kwenye daladala, misibani, hata kwa wauguzi wenzangu: kwamba wanawake wa siku hizi ni walegevu. Mama zetu walizaa watoto wanane, walilima, walichota maji, walitwanga, na hawakusema wamechoka. Hawa wa leo wana mmoja au wawili, wana gesi na maji ya bomba, na bado wanalia.

Sikubaliani na maneno hayo hata kidogo. Mama wa leo ana nguvu zilezile alizokuwa nazo bibi yake. Kilichopungua ni watu wa kumzunguka, na kilichoongezeka ni idadi ya watu anaotakiwa kuwa kwa siku moja: mke, mfanyakazi, mtafutaji, mwanafunzi, mama wa kupendeza kwenye picha. Anayelia hajalegea. Anabeba peke yake mzigo ambao zamani ulibebwa na ukoo.

Zamani mzazi alikuwa na watu

Kwetu Uchagani, mwanamke aliyejifungua alikaa ndani karibu miezi mitatu. Hakushika jembe, hakukata majani ya ng'ombe, hakupandisha kilima na mkungu wa ndizi kichwani. Mama mkwe ndiye aliyekuwa na amri. Mzazi alipikiwa mtori, ndizi zilizochemshwa na nyama mpaka zikaiva kabisa, zikapondwa, zikatiwa siagi ya kienyeji. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilirudi nyumbani kwa ajili hiyo. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa akiingia alfajiri, anamchukua mtoto mikononi mwangu na kuniambia, "Lala mwanangu. Akitaka kunyonya nitamleta." Nilikuwa nalala usingizi mzito, na nikiamka nakuta bakuli la mtori limefunikwa pembeni ya kitanda.

Pwani wana arobaini yao. Mama mzazi hukaa ndani siku 40, na mama yake, shangazi au somo wake huwa naye. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa kanga, hupikiwa uji wenye pilipili manga, hufukizwa udi. Siku ya 40 ikifika, yeye na mtoto hutolewa nje kwa furaha.

Siandiki haya ili kuzisifu siku za zamani kwa kila kitu. Nimeona mama aliyebabuka tumbo kwa maji ya kukandwa, na nimeona kitovu kilichopakwa vitu visivyofaa. Zaidi ya yote, wanawake wengi walikuwa wakifa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulionesha vifo 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya nao walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sisi tulioishi wodini nyakati zote mbili tunajua maana ya tarakimu hizo, na hakuna mkunga anayetaka kurudi nyuma.

Lakini ndani ya desturi zile kulikuwa na kitu ambacho hospitali haikukichukua wala kukirithi: kwa wiki nyingi mzazi alikuwa na mtu wa kumlisha, wa kumpokea mtoto ili apate usingizi, na wa kumwambia kwamba anayoyaona hata yeye aliyaona.

Sasa mtazame mama wa Mbagala. Amejifungua salama, kesho yake ameruhusiwa. Amerudi kwa bajaji kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mumewe anaendesha bodaboda na kila jioni anadaiwa hesabu na mwenye chombo, hivyo alfajiri yuko barabarani. Mama yake mzazi yuko Singida. Angependa kuja, lakini bibi wa siku hizi naye ni mtafutaji: ana genge lake, ana kikoba kinachodai kila wiki, akifunga biashara mwezi mzima mtaji umeliwa. Majirani wanakuja na sabuni na sukari, wanamshika mtoto, wanasema amefanana na baba, wanaondoka. Ikifika saa kumi jioni mama huyo yuko uani anafua nepi, na mshono haujapona.

Yanayotokea mwilini na kichwani

Watu wengi hudhani machozi ya mzazi ni deko. Tuanze na mwili. Wakati wa ujauzito homoni za uzazi, hasa estrojeni na projesteroni, hupanda mno. Kondo la nyuma likishatoka, hushuka ghafla ndani ya siku chache. Wakati huohuo maziwa yanaingia, matiti yanajaa na kuuma, na usingizi umekatika vipande vipande. Ni vipindi vichache katika maisha ya mtu mzima ambapo mwili hubadilika kwa kasi kama hiyo.

Ubongo nao hubadilika. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Hispania, wakiongozwa na Elseline Hoekzema, walichapisha matokeo ya kuwapiga wanawake picha za ubongo kabla ya ujauzito wa kwanza na baada ya kujifungua. Waliona ujazo wa baadhi ya sehemu umepungua, hasa zile zinazotumika kuelewa hisia na mawazo ya mtu mwingine, na miaka miwili baadaye mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo. Hawakuyaona kuwa ni hasara. Waliyafananisha na ubongo wa kijana anayebalehe, ambao hupunguza ili ufanye kazi kwa ustadi zaidi, na waliona yanakwenda pamoja na jinsi mama anavyofungamana na mwanawe.

Miaka mingi kabla ya picha hizo, mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, alikuwa ameshaeleza katika miaka ya 1970 kwamba kuwa mama ni kipindi cha mpito chenye mwanzo na mwendo wake, kama kubalehe. Nimeona ni maelezo yanayowasaidia sana akina mama wetu, kwa sababu kubalehe wanakujua. Hakuna anayemshangaa binti wa miaka 13 akilia bila sababu, akigombana na kioo, akitaka kuwa mtoto asubuhi na mtu mzima jioni. Tunasema anakua. Mwanamke aliyejifungua juzi naye anakua, ila yeye tunamtaka awe amekomaa siku anayotoka wodini.

Huzuni ziko za aina tatu, zitofautisheni

Kliniki nawafundisha akina mama, waume zao na wakwe zao kutofautisha mambo matatu.

La kwanza ni huzuni ya siku za mwanzo. Huanza siku ya tatu au ya nne, na wanawake wengi huipata. Mama analia kwa jambo dogo, anacheka, analia tena, anaogopa mtoto ataacha kupumua. Hii haihitaji dawa. Inahitaji chakula, usingizi na mtu wa karibu, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili.

La pili ni sonona. Hii haiishi baada ya wiki mbili, na mara nyingine huanza mtoto akiwa na miezi kadhaa, watu wakiwa wameshasahau kwamba kuna mzazi ndani ya nyumba. Wengine huanza nayo wakiwa bado wajawazito. Mama haoni raha ya kitu chochote. Mtoto amelala lakini yeye halali. Anajilaumu kwa kila jambo, anasema mtoto angepata mama mwingine angekuwa salama zaidi. Wengine hawalii kabisa. Wanakasirika, wanafoka, wanaumwa kichwa na mgongo kila siku na vipimo havioni kitu. Wengine hupatwa na mawazo ya kujidhuru. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 13 ya wanawake waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea ni asilimia 19.8. Kwa lugha ya kliniki yetu, kwenye benchi lenye akina mama watano, mmoja wao anaumwa.

La tatu ni adimu lakini la hatari. Mama mmoja au wawili kati ya kila 1,000 wanaojifungua huchanganyikiwa, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Hulala kidogo mno au asilale kabisa, huongea haraka haraka, husikia sauti, huamini mtoto si wake au kwamba ameagizwa kumfanya jambo. Hii ni dharura sawa na kutokwa damu nyingi. Asiachwe peke yake na mtoto, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Dar es Salaam kuna idara ya magonjwa ya akili Muhimbili. Dodoma kuna hospitali ya taifa ya Mirembe. Hutibika na kupona. Familia nyingi hupoteza siku za thamani zikitafuta nani kamroga. Mwenye imani na aendelee kusali. Sala haizuii gari kwenda hospitali.

Wapo wanaosema haya ni magonjwa ya Wazungu. Historia inawakatalia. Mwaka 1987 John Cox na wenzake wawili walitoa fomu ya maswali 10 inayotumika leo sehemu nyingi duniani kumtambua mama mwenye sonona, maarufu kwa jina la Edinburgh. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, Cox alikuwa Uganda akiwachunguza wanawake wajawazito na waliojifungua. Aliwakuta wanawake wa Kiganda wenye sonona, na akakuta jamii yao inaujua vyema ugonjwa wa akili wa mzazi na kuuita amakiro. Msingi wa kipimo hicho, kwa sehemu, uliwekwa na akina mama wa Afrika Mashariki.

"Ni vibaya nikijikumbuka nilivyokuwa?"

Si kila mama mwenye uzito moyoni ni mgonjwa. Wengi nawaona wakihangaika na jambo jingine: hawajijui tena ni nani.

Alinijia mama mmoja, mhasibu, mtoto akiwa na miezi minne. Aliacha wenzake wote wahudumiwe kwanza. Alipobaki peke yake akasogeza kiti.

"Nesi, nataka nikuulize kitu, ila usinione mtu wa ajabu."

"Sema mwanangu."

"Hivi ni vibaya nikijikumbuka nilivyokuwa?"

Nikamwuliza alikuwaje. Akaniambia alikuwa akiimba kwaya, sauti ya kwanza, mazoezi kila Jumamosi. Alikuwa na pesa yake, na mtu akimpigia simu alikuwa anamtafuta yeye. Sasa ofisini wanamwita mama fulani, mtaani mama fulani, hata mumewe. "Nampenda mwanangu mpaka naogopa. Lakini yule dada aliyekuwa anaimba sijui kaenda wapi, na hakuna anayemwulizia." Wakati anasema, maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake ya kazini, naye alikuwa amelivuta gauni la mtoto kulifunika doa.

Nilimjibu kwamba si vibaya. Kuitwa kwa jina la mtoto kwetu ni heshima, na wako wanaolilia heshima hiyo miaka na miaka. Lakini mtu anaweza kuipokea heshima huku akikiona alichokiacha. Kukikumbuka hakumpunguzii mtoto upendo hata kidogo. Mwanamke akiambiwa hivyo mapema, anaacha kujiona mhalifu, na anaanza kutafuta jinsi ya kuishi na hao wawili, mama na yule dada, ndani ya mwili mmoja. Kwa huyu tulianza na kwaya. Mumewe alikubali kukaa na mtoto Jumamosi jioni.

Mkanganyiko huu una sura nyingi. Yupo aliyejifungua kwa upasuaji akaambiwa na wifi yake, "Wewe uchungu hukuusikia," kana kwamba hakuzaa. Yupo ambaye maziwa yalikataa kutoka, anampa mtoto kikombe huku amegeuka ukutani. Yupo singo maza anayesifiwa kuwa jasiri mpaka anaona aibu kusema amechoka. Yupo mama aliyempoteza mtoto, ambaye maziwa yanaingia na hakuna wa kuyanyonya, na watu wanamwambia atapata mwingine. Yupo binti wa miaka 17. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida, na hilo ni jambo kubwa. Lakini huyo anayevaa sare asubuhi na kunyonyesha usiku ana nafsi mbili ambazo wenzake darasani hawazijui, na mara nyingi hata mwalimu hazijui.

Juu ya hayo kuna simu. Bibi zetu walijilinganisha na jirani, na jirani walimwona hata siku alipokuwa hajachana nywele. Mama wa leo anajilinganisha na picha ya Instagram ya mtu aliyejifungua wiki tatu zilizopita, tumbo limerudi, mashuka meupe, mtoto anatabasamu. Anaitazama saa nane usiku akiwa na kanga iliyotapikiwa. Nawaambia wazi: picha hiyo ni dakika moja ya siku ya mtu, na huenda kuna watu watatu nyuma ya kamera wanaomsaidia.

Kazi, maziwa na dada wa kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea muda aliyejifungua mtoto njiti. Akirudi kazini, sheria inamtaka mwajiri amruhusu kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Wengi wanaonijia hawaijui haki hiyo ya mwisho, na wanaoijua wanaogopa kuidai.

Pigeni hesabu nami. Sisi wauguzi tunamwambia mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita. Siku 84 ni chini ya miezi mitatu. Miezi mitatu mingine aifanyeje? Wenye moyo hukamua maziwa alfajiri, huyaacha na dada, kisha hukamua tena kazini, wengi wao chooni, wamesimama, kwa sababu hakuna chumba kingine chenye kitasa. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke sehemu maalumu za kunyonyeshea na kukamulia maziwa. Kwetu huku, mwajiri anaweza kuanza hata kabla hajalazimishwa: chumba kidogo, kiti, sinki na friji.

Na hapo nazungumzia waajiriwa tu. Mama ntilie, msusi, muuza mboga na mfanya usafi wa kibarua hawana siku 84. Likizo yao ni pesa iliyomo kwenye kibubu, na ikiisha wanarudi sokoni na kichanga kwenye boksi chini ya meza.

Nyuma ya mama mwajiriwa kuna mwanamke ambaye habari zake haziandikwi: dada wa kazi. Watu humwona kama msichana tu, kumbe mara nyingi naye ni mama. Ametoka Iringa, Kigoma au Singida, mwanawe amemwacha kwa bibi. Anambembeleza mtoto wa mwenzake mchana kutwa wakati maziwa yake yalikauka kabla ya wakati. Mmoja alinisimulia kwamba alipokwenda likizo kijijini, mtoto wake alimkimbia na kujificha kwenye nguo za bibi. Alisimulia huku anacheka, na nilimwona jinsi alivyokuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga. Tukizungumzia moyo wa mama wa kisasa, huyu asiachwe nje. Dada, mama mwenye nyumba na bibi kijijini wanalea watoto haohao kwa kupokezana, na aliye chini kabisa ndiye anayelipwa kidogo zaidi.

Baba naye ana nafasi yake

Sheria yetu inampa baba mwajiriwa siku tatu za likizo mkewe akijifungua. Kenya wanampa wiki mbili. Siku tatu zinatosha kununua beseni na kuitikia simu za pongezi. Hata hivyo wapo wanaume wanaojua la kufanya, na wanaongezeka. Nawaona wakija kliniki na mtoto kifuani, kadi mkononi, bila kujali wanaochekelea. Nao wanabadilika: wanaogopa, hawalali, wanawaza kodi ya nyumba, na hakuna anayewafundisha. Baba akiniuliza afanye nini, namwambia aanze na usingizi. Achague kipande kimoja cha usiku kiwe chake. Mtoto akishanyonya, yeye amcheulishe, ambadilishe nepi, amtembeze, ili mama apate saa nne au tano za usingizi usiokatika. Usingizi huo unamjenga mzazi kuliko zawadi yoyote ya dukani.

Msaada upo, na si ghali

Wako watu waliothibitisha kwamba hatuhitaji kusubiri kila wilaya ipate daktari bingwa wa akili. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kumsikiliza mtu na kumsaidia kulichambua tatizo lake, wakiwa wamekaa naye kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika hata Zanzibar. Huko Pakistani, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kuwatembelea akina mama wenye sonona, na matokeo ya mwaka 2008 yalionesha idadi kubwa ya mama hao wamepona. Anayehitaji dawa pia asiogope: zipo ambazo daktari anaweza kumchagulia mama huku anaendelea kunyonyesha.

Kwenye kituo chetu tumeanza na kidogo tulicho nacho. Mizani ikishasomwa, tunamgeukia mama na kumwuliza, "Na wewe unalala? Unakula? Nani yuko nawe nyumbani?" Wengi huanza kujibu kwa "Tunamshukuru Mungu." Tunanyamaza kidogo, na mara nyingi jibu lenyewe huja baada ya hapo. Wanaotaka hubaki chini ya mwembe, wazoefu na wageni pamoja, wakizungumza watoto wakinyonya. Sijaona dawa yenye nguvu kama mwanamke kumsikia mwenzake akisema, "Hata mimi nililia hivyohivyo." Mwenye dalili za sonona tunamwandikia rufaa, na tunampigia simu kuhakikisha amefika.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wakwe, wifi na majirani, acheni kumwambia mzazi kwamba ninyi mliweza. Mliweza mkiwa na watu. Mkienda kumwona, pelekeni sabuni na sukari kama desturi, kisha mkae: osheni vyombo, fueni zile nepi, mchukueni mtoto kwa saa mbili mama alale. Waajiri, wapeni akina mama zile saa mbili za kunyonyesha bila wao kuzililia, na muwatafutie chumba chenye kitasa. Wauguzi wenzangu, swali la hali ya mama lina thamani sawa na kilo za mtoto, na halihitaji bajeti. Na wewe mama unayesoma haya usiku wa manane, mtoto kifuani, kama huzuni imepita wiki mbili, au kama mawazo ya kujidhuru yamekujia hata mara moja, mwambie mtu mmoja leo na uende kituo cha afya kilicho karibu. Huumwi kwa sababu humpendi mwanao. Unaumwa kama watu wanavyoumwa, na ugonjwa huu unatibika.